Hela ya Mjerumani, stempu za simbi na wapambe wa mnadani

Kila unapomwambia konda wa daladala "sina hela ndogo", unamtaja Mjerumani bila kujua. Neno hela limetokana na Heller, sarafu ndogo ambayo serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianza kuitoa mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Kabla ya hapo rupia moja iligawanywa kwa pesa 64, na pesa nayo tunayo mpaka leo midomoni. Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaleta shilingi yake, lakini hela ikagoma kuondoka.

Sasa imerudi kwa mlango mwingine. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitumiwa picha za sarafu na wasomaji wa Mwanza, Magu, Sengerema, Ukerewe na hata Bukoba. Nyingi zina sura ya mzee mwenye masharubu na kofia ya chuma yenye tai juu yake. Huyo ni Kaizari Wilhelm II. Swali ni lile lile: "Kaka, hii mtandaoni inakwenda kwa bei gani?" Wengine huongeza kwamba sarafu yao inavuta punje za mchele, na kwamba kuna Mwarabu anaisubiri Dar. Jamani, mchele nimeujaribu kwa rupia tatu tofauti. Haukusogea.

Ningeyaacha yapite kama masimulizi ya vijiweni, lakini kuna kijana mmoja wa pale Mwaloni, Kirumba, anayeishi kwa kuchuuza dagaa. Alirithi kwa bibi yake rupia ya mwaka 1890, ile yenye simba na mnazi upande wa pili na jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Dalali mmoja akamwonyesha kwenye simu ukurasa wa mnada wa mtandaoni wa ughaibuni. Sarafu ni ile ile, mwaka ule ule, na chini yake imeandikwa dola 48,000. Akaambiwa atoe shilingi 180,000 za kuisajili mnadani. Akatoa. Ilikuwa mtaji wake wa wiki nzima. Baada ya siku mbili simu ya dalali ikawa haipatikani, na mpaka naandika haya haijapatikana.

Nikamketisha tukaufungua ukurasa ule pamoja. Dola 48,000 hazikuwa bei aliyolipa mtu. Zilikuwa bei aliyoitaka mwenye mali. Mimi nikiamua leo kuweka kizibo cha soda mtandaoni na kuandika dola milioni moja, hakuna polisi atakayenikamata, na kizibo kitakaa pale miaka kumi kikipigwa picha na madalali wa dunia nzima. Tovuti kubwa za minada zina mahali pa kutazama vitu vilivyokwisha kuuzwa, pamoja na bei iliyolipwa kweli. Tukatazama. Rupia kama yake, iliyosuguliwa na mikono ya miaka mia na zaidi, inauzwa kwa makumi ya dola. Ina uzito wa gramu 11.66, na fedha halisi ndani yake ni asilimia 91.7. Ni kitu kizuri cha kumbukumbu ya bibi. Nyumba haijengi.

Lakini kuna jambo lilinisumbua zaidi ya dalali yule. Vitu vya ziwa letu ambavyo kweli vina thamani kubwa kwenye minada hiyo, vile ambavyo Mzungu yuko tayari kulipa maelfu ya dola, ndivyo hivyo hivyo vilivyo rahisi kughushi. Ukitaka kujua sababu lazima urudi kwenye historia. Vilitengenezwa kwa dharura, na watu wasiokuwa na mitambo. Noti ya London au sarafu ya Berlin inalindwa na ufundi wa kiwanda kilichoitengeneza. Kitu kilichotengenezwa karakanani au mezani kwa mtu hakina ulinzi huo, kwa hiyo kinacholindwa nacho ni historia yake peke yake: nani alikitengeneza, lini, kwa chombo gani, na kilipita njia ipi. Twende taratibu.

Tuvuke kwanza ziwa, kaskazini mpaka Mengo. Mwaka 1895 Uganda haikuwa na stempu. Palikuwa na mmisionari wa Kiingereza wa shirika la CMS, Ernest Millar, na Millar alikuwa na taipureta. Ofisa wa utawala, George Wilson, alipotaka kuanzisha huduma ya barua mwezi Machi mwaka ule, alimwendea. Millar akachapa stempu kwa vidole vyake, moja moja, karatasi nzima: herufi U na G pembeni, tarakimu katikati, vistari vya kuzungushia. Tarakimu ile haikuwa senti wala peni. Ilikuwa simbi, wale kauri waliokuwa fedha ya soko kandokando ya ziwa, 200 kwa rupia moja. Kwa hiyo ukiona stempu imeandikwa 20, maana yake ni simbi ishirini. Baadaye mwaka huo huo akazifanya nyembamba zaidi ili nyingi zienee kwenye karatasi moja, kisha akabadilisha utepe wa taipureta, wino ukawa wa zambarau.

Wakusanyaji wa stempu wanaziita Cowries, na ni kati ya stempu zinazotafutwa sana za Afrika nzima. Sasa fikiria. Stempu ya thamani ya maelfu ya dola, ambayo haina picha, haina rangi za kiwanda, haina gundi wala vitundu vya kuchania. Ni vistari na tarakimu za taipureta kwenye karatasi nyepesi. Mtu yeyote mwenye taipureta ya zamani na karatasi ya zamani aliweza kukaa jioni moja akatoa kumi. Na wapo waliokaa. Ndiyo maana leo mkusanyaji mwenye akili hanunui Cowrie isiyo na cheti cha wataalamu, kwa mfano wale wa Royal Philatelic Society ya London, ambao hulinganisha umbo la kila herufi, upana wa stempu, karatasi na wino na zile zinazojulikana kuwa zilitoka mezani kwa Millar. Muuzaji anayekuambia "cheti sina, ila babu yangu alikuwa mmisionari Uganda" anakuuzia babu. Stempu ni nyongeza tu.

Sasa turudi kusini. Mwaka 1914 vita ilipoanza, Waingereza waliifunga bahari. Koloni la Kijerumani likabaki kisiwa: hakuna sarafu mpya kutoka Berlin, hakuna noti, hakuna stempu. Wakati huo reli ya kati ilikuwa imeshafika Tabora (mwaka 1912) na Kigoma (1914), lakini Mwanza yetu ilikuwa bado haina reli. Njia yetu ya kwenda duniani ilikuwa meli mpaka Kisumu, kisha reli ya Uganda mpaka Mombasa, na njia hiyo ilipita katika nchi ya adui. Reli kutoka Tabora ilifika hapa mwaka 1928, Mwingereza akiwa ameshakaa. Kumbuka jambo hilo, tutalihitaji mbele.

Serikali ikaanza kujichapia noti za muda mwaka 1915, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, na makarani wakazitia saini kwa mkono. Za mwisho, zile za mwaka 1917, ziligongwa kwa mihuri ya mpira porini huku jeshi likirudi nyuma. Mwaka 1916 wakageukia sarafu. Katika karakana ya reli Tabora wakafyatua hela 20 na hela 5 kwa shaba iliyopatikana, mengine yakiwa maganda ya makombora. Hela 20 zilifyatuliwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo usidanganywe kwamba ni adimu. Iliyo adimu ni dada yao ya dhahabu.

Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba, Singida. Sarafu ikaandikwa rupia 15. Kwa nini 15 na si 10 au 20? Kwa sababu rupia 15 zilikuwa sawa na marki 20 za Kijerumani. Upande mmoja tai, upande mwingine tembo ameinua mkonga na mlima nyuma yake, na herufi ndogo T ya Tabora. Zilitoka 16,198 tu. Halafu tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wa Jenerali Tombeur wakaingia Tabora, kazi ikaisha. Leo sarafu hiyo ni maelfu ya dola, na nadhani ni nzuri kuliko sarafu yoyote iliyopata kutolewa kwenye ardhi hii. (Hapo wataalamu mnaweza kunipinga.)

Na nakala zake zimejaa. Marekani ina sheria tangu mwaka 1973 inayotaka sarafu ya kuiga iandikwe COPY. Basi mtu hununua nakala, anaisugua COPY kwa tupa, anapiga picha yenye ukungu kidogo, na maandishi yamepotea. Mwaka 2012 eBay ilipiga marufuku kabisa sarafu za kuiga, lakini marufuku ni jambo moja na mafichoni ni jambo jingine. Sarafu halisi ina gramu 7.17 na robo tatu yake ni dhahabu. Nakala ya shaba iliyopakwa dhahabu, ikiwa na ukubwa ule ule, itakuwa na gramu nne na kidogo, kwa sababu shaba ni nyepesi. Sonara yeyote wa hapa mjini ana mizani ya kulijua hilo kwa dakika moja, na mji huu haujapungukiwa masonara. Ndiyo sababu ukimwuliza muuzaji wa mtandaoni uzito wa sarafu kwa gramu, naye akakujibu kwa hadithi ya vita, jibu umeshalipata. Tatizo ni nakala za dhahabu kweli, ambazo hupita mizani salama. Hapo unarudi tena kwenye kazi ya mafundi wa Tabora. Walitumia aina mbili za muhuri wa upande wa tai, zinazotofautiana mahali pa kijiua kidogo cha pambo chini ya neno OSTAFRIKA: aina moja kipo chini ya T, nyingine chini ya A. Za aina moja zilitoka 6,395, za nyingine 9,803. Kijiua kikiwa mahali pengine popote, sarafu haikuzaliwa Tabora.

Stempu nazo zina kisa chao, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1916 stempu za Wajerumani zilipokaribia kwisha, wamisionari wa Vuga, kule Usambara, wakachapa za muda kwenye mtambo wao wa vitabu. Kabla hazijauzwa, meli iitwayo Marie ikapenya mzingiro wa Waingereza na kuingia ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, mwezi Machi, ikiwa na mahitaji mapya, stempu zikiwemo. Za Vuga zikawa hazina kazi. Ili zisiangukie mikononi mwa adui, zikafukiwa ardhini Morogoro. Mwaka 1921 zikafukuliwa, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu, zikapelekwa Berlin na serikali ya Ujerumani ikaziuza kwa mnada.

Umeona jambo lenyewe? Stempu hizo hazikuwahi kuuzwa dirishani posta. Hakuna bibi wala bwana aliyebandika moja kwenye barua akaipeleka ikagongwa muhuri. Basi ukikuta mtandaoni stempu ya Vuga yenye muhuri mzuri wa Daressalam au Muansa, na muuzaji akaisifu kwamba "imetumika, adimu sana", huna haja ya darubini wala maabara. Wewe uliyesoma kisa cha Marie na shimo la Morogoro umemshinda.

Mihuri ya posta ni dunia ya peke yake. Stempu nyingi za Kijerumani zenye picha ya meli ya Kaizari ni rahisi kuzipata zikiwa mpya, na ni ghali sana zikiwa zimetumika, hasa zile za rupia mbili na tatu ambazo watu wachache walikuwa na sababu ya kuzibandika. Sasa tapeli hahitaji kughushi stempu. Ananunua halisi iliyo mpya kwa bei ndogo, anaghushi muhuri tu, thamani inaruka. London palikuwa na seti nzima ya mihuri ya bandia ya posta za makoloni ya Uingereza, mamia kwa idadi, inayojulikana kwa jina la Madame Joseph. Iliwadanganya wakusanyaji kwa miongo kabla ya kununuliwa na kuchapishwa kitabuni ili watu waijue. Hiyo ilikuwa kabla ya intaneti.

Intaneti ilibadilisha nini basi? Kwetu Usukumani mnada tunaujua. Ng'ombe yupo mbele yako, unamshika nundu, unamfungua mdomo unahesabu meno, na dalali unamjua mpaka kwa mama mkwe wake. Mwezi Septemba 1995 Pierre Omidyar wa California alipoanzisha tovuti iliyokuja kuitwa eBay, aliondoa vyote hivyo kwa mara moja. Ng'ombe akawa picha, dalali akawa jina la kubuni. Na wale watu waliokuzunguka wakipandisha bei nao wakawa majina ya kubuni.

Hao wa mwisho ndio hatari. Kama umewahi kusimama stendi ukatazama karata tatu, unawajua. Jamaa anachezesha karata, mwingine anaweka elfu tano anapata kumi, anafurahi, anaondoka. Wewe unaona ni rahisi. Hujui kwamba aliyeshinda ni mpambe wa mwenye karata, na jioni watagawana. Mnada wa mtandaoni una wapambe wale wale. Muuzaji, au rafiki yake, anaweka dau kwenye mali yake mwenyewe kwa jina jingine, ili wewe uone watu wanaigombania.

Kisa mashuhuri ni cha mwezi Mei 2000. Mwanasheria kijana wa California, Kenneth Walton, aliweka eBay mchoro kwa bei ya kuanzia senti 25. Hakusema ni wa nani. Alisema tu kwamba aliununua zamani, kwamba una tundu dogo kwa sababu mtoto aliugonga na kibaiskeli chake, na picha yake ilionyesha kwa mbali herufi za R na D. Wanunuzi wakajiambia wao wenyewe: huyu mjinga hajui kwamba ana mchoro wa Richard Diebenkorn! Dau likapanda mpaka dola 135,805. Ikaja kugundulika kwamba Walton alikuwa ameweka dau kwenye mali yake mwenyewe, na kwamba yeye na wenzake walikuwa wakipandishiana bei kwenye mamia ya minada kwa majina mengi. Hadithi ya mtoto ilikuwa ya kubuni. Mauzo yakafutwa, na mwaka 2001 Walton akakiri kosa mahakamani.

Hadithi ile ya kibaiskeli isome mara mbili. Walton hakumtaja mchoraji. Alicheza ujinga, akamwachia mnunuzi tamaa ijaze pengo. Ndiyo maana mimi ninapoona maneno kama "sijui chochote kuhusu sarafu, nimeikuta kwenye sanduku la babu aliyekuwa Tabora", huwa nashika mfuko. Mtu asiyejua chochote kuhusu sarafu amejuaje kuipiga picha upande wenye herufi T tu, akaacha ukingo?

Na usidhani wapambe ni kazi ya wadogo. Bill Mastro alikuwa na jumba la mnada kubwa kuliko yote Marekani kwa kumbukumbu za michezo, wateja wakiweka madau kwa simu na mtandao. Mwaka 2013 alikiri kwamba bei zilikuwa zikipandishwa kwa madau ya uongo, na zaidi ya hapo, kwamba kadi maarufu ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, iliyokuja kuuzwa kwa dola milioni 2.8 mwaka 2007, alikuwa ameikata kingo mwenyewe ili ionekane mpya. Mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20. Kadi ya karatasi, jamani, na mkasi.

Mpambe anaonekana ukimtazama kwa subira. Mtu anayetaka kitu kweli husubiri dakika za mwisho ndipo aweke dau lake, asimwamshe mwenzake. Mpambe huja mapema, hupandisha kidogo kidogo kama mtu anayepapasa ukuta gizani, kisha husimama pale anapohisi amefika ukomo wako. Hana rekodi ya kununua kwa watu mbalimbali. Yupo kwa muuzaji mmoja tu, wiki hadi wiki, na ajabu ni kwamba karibu kila mara anashindwa. Akishinda kwa bahati mbaya, siku ya pili unapata ujumbe: "Mshindi ameshindwa kulipa, je, wewe wa pili unaitaka kwa dau lako?" Wakati mwingine ujumbe huo ni wa kweli. Ila dau lako lilikuwa limepandishwa na nani? Zamani majina ya wenye madau yalikuwa wazi na wakusanyaji walichunguzana wenyewe. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 eBay ikaanza kuyaficha kwa vinyota, kwa sababu nzuri tu, kwani matapeli walikuwa wakiwaandikia walioshindwa. Lakini kwa kuyaficha iliwapa wapambe kivuli. Hapo sina ugomvi na yeyote, nasema tu kwamba kazi ya kuchunguza imekuwa ngumu zaidi.

Kwa hiyo mimi siku hizi siwatazami sana wapambe. Naitazama mali. Nitawapa mfano wa mwaka jana.

Nilikuta mnadani bahasha. Ina stempu ya meli ya Kaizari, imeandikwa kwa mkono anwani ya Leipzig, na muhuri wa duara MUANSA, tarehe 12.10.16. Muuzaji aliandika kwamba ni barua ya askari wa Kijerumani kutoka Ziwa Viktoria wakati wa vita, "kipande cha historia". Bei ilianzia dola 20, na siku ya tatu ilikuwa 310. Watu sita walikuwa wameweka madau. Wawili kati yao hawakuwa wamewahi kununua popote pengine ila kwa muuzaji huyo.

Tahajia ilikuwa sawa. Mjerumani aliandika Muansa, Mwingereza ndiye aliyeleta Mwanza, na tapeli mvivu huwa anajikwaa hapo. Huyu hakujikwaa. Wino wa muhuri ulikuwa mweusi safi. Stempu yenyewe nadhani ilikuwa halisi.

Ila hebu tukumbuke mwaka 1916 hapa nyumbani. Bukoba ilikuwa imeshavamiwa na Waingereza mwezi Juni 1915, wakakaa siku mbili wakaondoka. Juni 1916 wakachukua Ukerewe. Kutoka huko wakavuka, na tarehe 14 Julai 1916 wakaingia Mwanza; Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma kuelekea Tabora. Tarehe 12 Oktoba hapakuwa na posta ya Kijerumani Mwanza wala Tabora. Huyo karani wa Muansa aliyegonga muhuri miezi mitatu baadaye alikuwa amekaa wapi, juu ya Jiwe la Bismarck? Na barua ilikuwa iende Leipzig kwa njia gani, kupitia Kisumu ya Mwingereza? Barua halisi za Mwanza za baada ya hapo zilipita mikononi mwa Waingereza, na stempu zilizofuata, mwaka 1917, zilikuwa zao za Afrika Mashariki na Uganda zilizogongwa herufi G.E.A.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, nikamtajia tarehe 14 Julai. Akajibu kwa mstari mmoja kwamba mali inauzwa kama inavyoonekana na hairudishwi. Nikawaandikia wenye tovuti nikiambatanisha maelezo, nikapata jibu la mashine la kunishukuru. Mnada ukafungwa kwa dola 425. Aliyeshinda alikuwa mmoja wa wale wawili.

Wiki mbili baadaye bahasha ilirudi mnadani. Picha zile zile, kivuli kile kile cha dirisha pembeni. Maelezo ndiyo yaliyobadilika kidogo: sasa ilikuwa barua ya kabla ya kuanguka kwa Muansa, na kwenye muhuri, mahali penye mwezi, palikuwa na doa la maji ambalo mara ya kwanza halikuwepo.